Usiku ule nesi alikuwa mmoja

Mtoto wangu wa pili alishikwa na degedege usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 18 Februari 2015. Tarehe hiyo siisahau, na mbele kidogo utaona kwa nini.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Ruangwa, kama kilomita 30 hivi kutoka mjini. Jina la kijiji naliacha, maana habari hii inamgusa mtu ambaye hakuwa na kosa, na waliokuwepo watamjua. Mume wangu alikuwa amekwenda kwao Nachingwea kwenye msiba. Nyumbani tulibaki mimi, watoto wawili na mdogo wangu wa kike aliyekuwa amemaliza kidato cha nne.

Mtoto, wa miaka miwili, alikuwa ameshinda na homa. Nikampa panadol, nikampangusa kwa kitambaa chenye maji, nikajiambia asubuhi tutakwenda zahanati. Wazazi wenzangu mnaijua hiyo "asubuhi". Saa nane usiku akakakamaa. Macho yakageuka juu, mikono na miguu ikaanza kurusharusha, povu likamtoka mdomoni. Mdogo wangu akakimbilia jikoni akaja na kijiko, nikakipokea ili nimtie kati ya meno asijing'ate ulimi.

Bibi aliyetulea Nachingwea alikuwa na namna yake ya kutibu degedege: moshi wa kufukiza, na onyo kwamba mtoto mwenye degedege asichomwe sindano, atakufa. Mimi ni mwalimu, nina cheti, nimefundisha sayansi darasa la tano mwaka hadi mwaka. Lakini nakiri hapa, sauti ya bibi niliisikia kabla ya sauti ya kitabu. Kilichoniokoa ni kwamba meno ya mtoto yalikuwa yamebana mno, kijiko hakikuingia.

Kijana wa jirani alikuwa na bodaboda. Nilimgongea mlango, akatoka na kaptura, akawasha pikipiki bila kuuliza nauli. Mvua ilikuwa imenyesha jioni na njia ilikuwa tope tupu. Mtoto nilimfunga kifuani kwa khanga. Mahali pawili ilibidi nishuke nitembee kwa miguu huku kijana anasukuma pikipiki. Nilikuwa naongea na mtoto njia nzima na hajibu.

Zahanati ilikuwa giza isipokuwa chumba kimoja. Nesi alitoka akiwa amevaa glovu, tochi ndogo ikining'inia shingoni kwa kamba. Nilimfahamu, alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, mgeni kijijini kama mimi, na Jumapili tulikuwa tunasalimiana. Alimpokea mtoto, akamlaza ubavu kwenye meza, akamsafisha mdomo, akamwekea dawa ya kutuliza degedege kwa njia ya haja kubwa. Akamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria. Akamchoma sindano ya malaria kali. Yote haya aliyafanya huku akikatiza kila baada ya dakika chache kwenda chumba cha pili, ambako nilikuwa namsikia mwanamke anaguna.

Mtoto alitulia, kisha akaanza tena.

Nesi akasema huyu anahitaji kuongezewa damu na uangalizi ambao pale haupo. Akapiga simu kuita gari la wagonjwa, kwa simu yake mwenyewe na vocha yake mwenyewe. Nilimsikia akibembeleza. Gari lilifika baada ya muda ambao sikuupima, ila jogoo walikuwa wameshawika mara ya kwanza. Nilipoona taa zake zinakuja kwa mbali nilianza kulia kwa furaha. Nilijua tumepona.

Dereva alikuwa peke yake. Nesi akanikabidhi karatasi ya rufaa, akamtazama dereva, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, mimi siwezi kupanda. Huyu mwenzako amefika sentimita nane. Nikiondoka anabaki na mama yake tu."

Sikuelewa. Au nilielewa maneno, maana yake ikagoma kuingia. Nikamwambia, "Sista, mwanangu anakufa." Akajibu, "Najua." Kisha akanifundisha, haraka, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: mlaze ubavu wa kushoto, kidevu kiwe juu kidogo, usimpe maji wala dawa ya kunywa, usimtie kitu mdomoni, futa mate kwa hiki kitambaa, tazama kifua kinapanda. Degedege likirudi angalia saa ujue limeanza lini limeisha lini, utamwambia daktari. Akaniambia nirudie, nikarudia, akafunga mlango wa gari.

Kilomita zile 30 nilikuwa ndiye muuguzi. Dereva alikuwa mtu mwema, alisema maneno ya kunitia moyo, lakini nilipomwuliza kama mtoto anapumua vizuri alijibu, "Mwalimu, mimi dereva tu." Degedege lilirudi mara moja. Nilitazama saa ya simu: dakika tatu. Ndilo jambo pekee la kitaalamu nililowahi kulifanya katika tiba maishani mwangu, na nililifanya huku nalia.

Mtoto alipona. Akaongezewa damu, akalazwa siku tano, akarudi nyumbani amekonda anadai uji. Sasa yuko darasa la saba na ananishinda kwa kusema. Kwa hiyo, kwa upande wa mtoto, hadithi iliishia vizuri.

Kwa upande wangu haikuishia vizuri. Wiki mbili baadaye, kwenye mkutano wa kijiji, nilisimama nikasema nesi wa zahanati yetu aligoma kumsindikiza mgonjwa mahututi. Neno nililotumia ni hilo hilo, aligoma. Nilikuwa mwalimu, watu walinisikiliza. Wengine wakaongeza ya kwao: kwamba anajibu kwa mkato, kwamba mlango wake usiku unachelewa kufunguliwa. Mtendaji akaandika. Nesi aliitwa, akaulizwa mbele ya wazee, akajieleza kwa sauti ndogo. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amehama. Sijui kama alihama kwa sababu yangu, wala sikumwuliza mtu.

Januari 2020 nilikuwa naandikisha watoto wa darasa la awali. Mama mmoja akaja na binti yake na kadi ya kliniki, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kilikuwa bado. Nikafungua kadi kunakili tarehe ya kuzaliwa: 18/02/2015. Mahali pa kuzaliwa: zahanati ile.

Nilimwuliza, "Mlizaliwa usiku au mchana?" Akacheka, akasema alfajiri, na kwamba siku hiyo hatasahau, kulikuwa na mwalimu mmoja alikuja na mtoto wa degedege akawa anapiga kelele. Nilimwacha aendelee. Akasema gari lilipoondoka tu, mtoto akatoka. Kisha kondo la nyuma likakataa kutoka na damu ikaanza kumwagika. Nesi alikuwa peke yake, tochi ameing'ata kwa meno, mkono mmoja unakanda tumbo, mwingine unatafuta mshipa wa kuweka dripu. Alimchoma sindano ya kukaza mji wa mimba, akatoa kondo kwa mkono, akamtuma mama mzazi wa yule mama akafunge mlango kwa sababu upepo ulikuwa unaingia. "Mwalimu," akaniambia, "angepanda lile gari, mimi nisingekuwepo hapa kukuletea mtoto."

Hakuwa anajua kwamba mwalimu wa kelele ni mimi. Nilimwambia siku nyingine. Siku ile nilimaliza kuandika jina la mtoto, nikampa mama penseli asaini.

Tangu hapo nikawa mtu wa kusoma habari za afya, nikitafuta, nadhani, mtu wa kunihukumu au wa kunitetea. Na nilichokipata kilikuwa kimeandikwa kuhusu kwetu hasa.

Nakumbuka nikiwa bado Nachingwea, vijana walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na vikompyuta vidogo vya mkononi. Walikaa kwenye mkeka wetu wakamwuliza mama amezaa wangapi, walio hai wangapi, na kama kuna mwanamke wa nyumba hii aliyefariki akiwa mjamzito au baada ya kujifungua. Mama aliudhika na swali hilo la mwisho, maana tulikuwa naye mmoja, shangazi. Alijibu hata hivyo. Walikuwa watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao, na walizunguka wilaya tano za kusini: Lindi Vijijini, Nachingwea na Ruangwa kwa mkoa wa Lindi, Newala na Tandahimba kwa Mtwara. Majibu ya akina mama kama wangu, kutoka kaya karibu 226,000, yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet Global Health. Mtafiti aliyeongoza uchambuzi huo ni Claudia Hanson. Yahusu vifo vya kati ya Juni 2004 na Mei 2007.

Walikuta kina mama 712 wakifa kwa kila vizazi hai 100,000. Kisha wakapima umbali kutoka nyumba hadi hospitali. Kwa vifo vinavyotokana moja kwa moja na uzazi, kama kuvuja damu na kifafa cha mimba, wanaoishi ndani ya kilomita 5 walikuwa 111 kwa vizazi 100,000. Wanaoishi zaidi ya kilomita 35 walikuwa 422. Karibu mara nne. Shangazi yangu yumo ndani ya hesabu hiyo. Ni jambo la ajabu kumkuta ndugu yako ndani ya namba.

Mtu akisoma takwimu hiyo haraka atasema: leteni magari. Nami nilisema hivyo. Ila kuna utafiti mwingine kutoka wilaya zile zile tano, uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Human Resources for Health, ukiongozwa na Fatuma Manzi wa Ifakara. Huo haukupima barabara. Ulihesabu watu waliopo kazini.

Kwa mujibu wa ikama, vituo walivyovitembelea vilipaswa kuwa na wauguzi 854. Walioajiriwa walikuwa 122. Rudia kuisoma hiyo. Ni asilimia 14. Waganga na matabibu walipaswa kuwa 441, walikuwa 90. Na katika hao wachache wa tiba, asilimia 44 hawakuwepo kituoni siku watafiti walipofika. Sasa hapa ndipo mzazi anayesubiri kwenye benchi husema, "Si mnaona, watoro!" Watafiti waliuliza wako wapi. Katika wasiokuwepo, asilimia 38 walikuwa semina. Asilimia 25 walikuwa safari za kikazi. Asilimia 20 likizo. Asilimia 8 masomo marefu. Yaani wengi walikuwa mahali walipotumwa au walipoandikiwa kwenda.

Niliposoma hapo nilisimama nikaenda kuchota maji ya kunywa. Zahanati yetu ilikuwa na watumishi watatu. Usiku ule mganga mfawidhi alikuwa semina mjini. Mhudumu alikuwa likizo. Hili nilikuwa nalijua siku zote, kila mtu kijijini alilijua. Ila pale kwenye mkutano hakuna aliyelisema, nami sikulisema, kwa sababu nesi ndiye tuliyekuwa tunamwona.

Haki itendeke: hizo ni hesabu za zamani. Tangu wakati huo vituo vya afya vimejengwa, waajiriwa wapya wamekuja, barabara ya Nanganga hadi Ruangwa haifanani na ile niliyoijua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi nchini vimeshuka hadi 104 kwa vizazi 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015 na 2016. Nafurahi kila nikiusoma. Lakini swali la usiku ule halijibiwi na jengo. Mgonjwa wa rufaa anapoondoka, nani anapanda naye, na nani anabaki? Kituo chenye mtu mmoja wa zamu kina jibu moja tu, na lolote atakalochagua kuna mtoto wa mtu.

Tunapenda vitu vinavyoonekana. Gari jipya la wagonjwa huja na utepe wa kukata, picha, ngoma, hotuba. Nesi wa pili wa zamu ya usiku haji na utepe. Kwetu Nachingwea kuna mahali panaitwa Stesheni, jina lililoachwa na reli ya Waingereza ya enzi za mradi wa karanga. Reli yenyewe ilifungwa miaka ya 60 mwanzoni, hata bibi aliipanda kidogo tu. Vyombo vya usafiri huja na kuondoka. Samahani, nimetoka kidogo kwenye mada.

Niliyemsikitikia zaidi baada ya kusoma ni yule dereva. "Mimi dereva tu." Nilidhani ni unyenyekevu, kumbe alikuwa anataja upungufu wa mfumo mzima. Tiba ya dharura ni taaluma kama nyingine. Idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Ni jana tu, kwa umri wa nchi. Shirika la Afya Duniani lina kozi fupi ya huduma za msingi za dharura kwa wauguzi na matabibu wa vituo vya kawaida, iliyotoka mwaka 2018 baada ya kujaribiwa Uganda, Zambia na hapa kwetu Tanzania. Ndani yake kuna yale yale niliyofundishwa mlangoni mwa gari: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu. Nesi wangu alinipa kozi hiyo kwa dakika mbili. Wapo pia wanaofundisha wasio wauguzi kabisa. Mwanza kuna shirika, Tanzania Rural Health Movement, lililowafundisha watu wa mitaani, wakiwemo wa bodaboda, kumhudumia majeruhi kabla hajafika hospitali. Nikimfikiria yule kijana wa kaptura, naona hilo ni wazo lenye akili.

Kuna jambo jingine ambalo nawaambia wazazi kila nikipata nafasi, na wengi bado hawalijui vizuri. Namba 115. Ni ya mfumo wa m-mama, bure kupiga. Ulianza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 serikali ikatia saini uende nchi nzima. Mjamzito mwenye tatizo, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, au mtoto mchanga wa siku 28 kushuka chini, unapiga, anayepokea anakuuliza maswali, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, anampigia dereva wa kawaida wa eneo lenu aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Mgonjwa halipi nauli. Ni mpango mzuri, na unatambua kitu ambacho kijijini tulikijua zamani, kwamba anayefika kwanza mara nyingi ni jirani mwenye chombo.

Ila mtazame tena huo umri. Mtoto wangu alikuwa na miaka miwili. Usiku ule ukirudi leo, 115 ni ya yule mama wa chumba cha pili, si yangu. Mtoto wa miaka miwili mwenye degedege, kijana aliyeanguka mkorosho, baba aliyegongwa na pikipiki, hao bado wanategemea vocha ya nesi na roho ya jirani. Nalisema bila kulaumu. Mama na mchanga walistahili kutangulia, nimeshataja 422. Nasema tu kwamba foleni ipo na wengine tumo.

Kwa hiyo nyumbani kwangu tumejipanga kwa namna yetu. Ukutani jikoni kuna karatasi yenye namba: zahanati, muuguzi wa zamu kwa ridhaa yake, bodaboda wawili (wawili, kwa sababu mmoja huwa amesafiri au amelewa), na mwenye gari. Kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa tuna kisanduku cha dharura ambacho mwenye ufunguo anaruhusiwa kufungua usiku bila kikao. Hilo tuligombana miezi miwili kabla ya kukubaliana, maana kuna waliosema pesa itaibwa. Haijaibwa. Imetumika mara nne.

Na kijiko kimepigwa marufuku. Watoto wangu wakubwa wanajua: mwenye degedege analazwa ubavu, nguo zinalegezwa, hakuna kitu mdomoni, hakuna maji, hakuna kusubiri asubuhi. Mtoto wa homa kali anayekataa kunyonya, anayelegea, anayetapika kila kitu au aliyepata degedege hata la dakika moja, anakwenda kituoni saa hiyo hiyo. Watafiti wawili wa Marekani, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika mwaka 1994 kwamba mama mjamzito hufa kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. La pili na la tatu yana wakubwa wake. La kwanza ni la kwangu, ile "asubuhi" yangu. Nilianza kumlaumu nesi kwa ucheleweshaji wa tatu wakati wa kwanza nilikuwa nimeufanya mwenyewe tangu saa kumi na mbili jioni.

Nimekuwa mjumbe wa kamati ya zahanati kwa miaka mitatu sasa. Kwenye kikao cha kwanza niliuliza swali moja: wiki hii zamu ya usiku ni nani na nani? Mganga alitaja jina moja. Nikauliza, na semina ya mwezi ujao, anakwenda nani na anabaki nani? Tukakubaliana kwamba tarehe za semina na likizo zibandikwe ukutani, wanakijiji wazione. Sio dawa kubwa. Lakini mwezi Machi watumishi wawili walipoitwa mjini siku moja, mwenyekiti wa kijiji alipiga simu wilayani mwenyewe, mmoja akabaki. Zamani tungesubiri mtu afe ndipo tuitishe mkutano.

Yule nesi nilimtafuta. Mama wa binti wa 18 Februari alikuwa na namba yake, walikuwa wanatakiana heri kila mwaka siku ya kuzaliwa ya mtoto. Yuko mkoa mwingine sasa. Nilikaa na namba hiyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Niliandika ujumbe nikafuta, nikaandika tena. Mume wangu akasema, "Mama, piga tu." Mwaka jana, siku moja baada ya chakula cha usiku, nikapiga.

Alipokea mara ya kwanza ilipoita. Nikajitambulisha, mwalimu fulani, wa shule fulani, Ruangwa. Kimya. Kisha akasema, "Shikamoo mwalimu." Nikasema, "Marahaba, mdogo wangu, nimepiga kwa ajili ya..." na nyuma yake nikasikia mtoto mchanga analia, na mtu mwingine anaguna.

"Mwalimu, samahani," akasema, "niko zamu, niko peke yangu. Nitakupigia asubuhi."